Kwenda mahakamani baada ya kufutiwa viza Australia kwa sababu ya mwenendo

Mdogo wangu alifutiwa viza akiwa gerezani. Kifungu cha 501 cha Sheria ya Uhamiaji ya 1958 kinamlazimisha waziri kumfutia viza mtu aliyehukumiwa miezi 12 au zaidi na ambaye bado yuko gerezani, hata kama aliletwa Australia mtoto mchanga kutoka kambi ya wakimbizi.

Barua ya kufutiwa inakupa siku 28 za kujitetea ili uamuzi utenguliwe. Hizo haziongezwi. Ukijibiwa hapana, tazama kwanza nani ametia saini. Ikiwa ni ofisa kwa niaba ya waziri, unakwenda Baraza la Mapitio ya Kiutawala, na ukiwa ndani ya Australia una siku 9 tu, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Ikiwa ni waziri mwenyewe, nenda Mahakama ya Shirikisho ndani ya siku 35. Hizo 35 zihesabu kuanzia tarehe iliyo juu ya barua, si siku uliyoipokea. Aliyeshindwa kwenye Baraza naye anakwenda mahakama hiyohiyo, kwa siku hizohizo. Aliyechelewa anaweza kuomba muda zaidi kwa maandishi, akieleza sababu.

Fomu ya kufungulia shauri iambatane na hati ya kiapo na nakala ya uamuzi. Aliye gerezani au kizuizini halipi ada ya kufungua shauri, kwa hiyo msikope pesa kwa ajili hiyo.

Kilichotuumiza ni sehemu ya fomu inayotaka sababu. Mshauri tuliyemlipa alitukusanyisha barua mpya za mchungaji, kocha na walimu wa watoto. Jaji hakuzipima, na kisheria hiyo si kazi yake. Mahakama haiulizi kama ndugu yako ni mtu mwema. Inauliza kama aliyeamua alivunja sheria iliyompa mamlaka ya kuamua. Mwaka 2022, katika shauri la raia wa Sudan Kusini linalojulikana kama Plaintiff M1, Mahakama Kuu ya Australia, iliyo ya juu kuliko zote nchini humo, ilisema mwamuzi lazima asome, atambue, aelewe na apime yale aliyoandikiwa.

Basi chukua utetezi uliotuma ndani ya zile siku 28, uweke mezani pamoja na karatasi ya sababu za uamuzi. Kila hoja uliyoandika, itafutie aya iliyoijibu. Sisi tulikuwa tumeeleza kwa kirefu ugonjwa wa mtoto wake wa mwisho na nani anayempeleka kliniki. Sababu zilitaja "watoto" tu. Pengo hilo ndilo lililostahili kuandikwa kwenye fomu, pamoja na maelezo ya jinsi ambavyo lingeweza kubadili matokeo. Tuliliona pesa zikiwa zimekwisha.

Kabla ya kufungua shauri, piga simu ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo lako, uombe mkalimani wa Kiswahili. Ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za mawakili wa waziri. Ukishinda, mahakama haikurudishii viza: shauri linarudi kuamuliwa upya, na ndugu yako anaweza kuendelea kukaa kizuizini akisubiri.