Somo: Piga picha kabla hujashona (eksirei na CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, ndani ya thieta wakati wa kuunga taya)

Wakuu, habari za kazi. Somo hili niliahidi tangu tulipozungumzia waya na plati, nikawa napiga chenga. Mimi ni mpiga picha za mionzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Kisu sishiki. Kazi yangu ni kumwonyesha mwenye kisu kile ambacho macho yake hayafiki.

Nianze na kijana mmoja wa bodaboda. Alirushwa juu ya usukani akatua kwa kidevu. Taya la chini limepinda kama upinde, na ncha zake mbili, ndizo vichwa vya taya, zimekaa kwenye vitundu mbele ya masikio. Ukiligonga katikati, nguvu inakimbilia kwenye ncha. Huyu alivunjika sehemu tatu: kidevu na vichwa vyote viwili vya taya. Daktari alipitia ndani ya mdomo, akarudisha kidevu mahali pake, akafunga plati mbili za titani, vibamba vya chuma vya kuunga mfupa. Kwa mbele ule mstari ulikuwa umebanana hata ukucha usingepita. Akaomba uzi. Nikamwomba dakika tano.

Picha ilipotoka, mbele kumeshikana lakini nyuma, upande wa ulimi, pamebaki mwanya kama kitabu kilichoachwa nusu wazi. Kona za taya zilikuwa zimetanuka. Angepona hivyo, uso ungekuwa mpana na meno ya nyuma yasingekutana vizuri. Skrubu za upande mmoja zikafunguliwa, msaidizi akabana kona zote mbili kwa viganja, plati ikakunjwa zaidi kidogo, ikafungwa tena. Picha ya pili: mwanya umeisha. Kijana bado yuko usingizini, hana habari. Picha hiyo ingepigwa kesho yake wodini, ilikuwa ni kumrudisha thieta.

Sasa hatua zenyewe.

1. Picha za kabla ya upasuaji. OPG, ile eksirei inayozunguka uso mzima, inaonyesha vizuri pembeni mwa taya, ila katikati kivuli cha uti wa mgongo kinafunika kidevu. Vichwa vya taya vinataka CT. Ukiona mvunjiko mmoja, usiweke filamu chini. Tafuta wa pili. Hapa pia ndipo mnapoamua kama mashine itahitajika ndani. Mvunjiko mmoja wa pembeni ambao haujasogea na daktari anauona wote kwa macho, mimi nasema wazi: msiniite.

2. Pangeni chumba mgonjwa hajafunikwa. Hatua hii inadharauliwa sana, na ndiyo inayokula muda. Kichwa kikae kwenye kipande cha meza kisicho na chuma, maana chuma kinatoa michirizi myeupe inayoharibu picha yote. Zungusha mkono wa C, ile mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, mzunguko mzima ukiwa mtupu, uone kama utagonga meza, stendi ya dripu au mipira ya mashine ya usingizi. Mrija wa pumzi upite puani, kwa sababu meno lazima yakutane, kisha ufungwe imara juu ya paji la uso. Kila mtu avae aproni ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi) na kinga ya shingo kabla ya kunawa. Baada ya gauni kuvaliwa umechelewa. Kama mgonjwa ni mwanamke, suala la ujauzito liwe limeulizwa wodini.

3. Meno kwanza, mfupa baadaye. Daktari anafunga taya la juu na la chini kwa waya hadi meno yaume kama zamani, ndipo anaweka plati. Hapo mimi nakaa pembeni.

4. Fungueni waya kabla ya picha. Waya unaweza kuyalazimisha meno yakutane huku kichwa cha taya kimechomoka kwenye kitundu chake. Ukifunguliwa, daktari anafungua na kufunga mdomo wa mgonjwa kwa mkono, taratibu, akisukuma taya juu na nyuma. Meno yakikataa kukutana, tatizo lipo hata kama picha ni nzuri. Toeni pia vyuma vya kushikilia mashavu.

5. Piga. Kidonda kifunikwe kwa shuka safi ya upasuaji, mkono wa C uvishwe mfuko wake. Kwa mashine ya picha bapa napiga mbili: moja ya mbele ikiwa imeinamishwa nyuzi 30 hivi, ile ya Towne, ili vichwa vya taya vijitenge na mifupa ya nyuma ya sikio, nyingine ya pembeni kwa mshazari. Bomba la mionzi likae chini ya meza, mionzi inayotawanyika isiwapige usoni. Kwa mashine ya 3D, inayoonyesha mfupa pande zote, inazunguka zaidi ya nusu duara na watu wanatoka au wanasimama nyuma ya ukuta wa risasi. Umbali ni kinga ya bure: ukitoka mita 1 hadi mita 2, kinachokufikia kinashuka hadi robo.

6. Someni kwa mpangilio. Naanza na upande wa ulimi, kwa sababu ndio uliofichika. Halafu vichwa vya taya: kuna msuli unaovuta kipande kilichovunjika kwenda ndani na mbele, kwa hiyo natazama kimelala au kimesimama. Kisha skrubu moja moja: imeingia kwenye mstari wa mvunjiko? Imegusa mzizi wa jino, au mfereji wa neva inayoleta hisia mdomo wa chini? Mwisho natafuta ile gozi, kitambaa laini cha vidonda, iliyowekwa kooni kuzuia damu. Zile zenye uzi maalumu zinaonekana kwenye picha, na siku ikibaki humo mtanishukuru.

7. Rekebisha, piga tena mara moja, shona. Picha ya kumfurahisha mwanafunzi hapana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, sisi wilayani tuna mashine ya C ya kawaida tu, ya mifupa ya miguu. Tunaweza?

Jibu: Mnaweza, kaka. Picha ya Towne itawaonyesha kichwa cha taya vizuri. Mwanya wa upande wa ulimi ndio itawaficha. Kabla ya upasuaji pigeni filamu ya meno inayoumwa kati ya meno, bomba likitokea chini ya kidevu; hiyo inaonyesha kidevu kwa nje na kwa ndani. Na mkifunga plati ya kidevu, mtu abane kona za taya kwa mikono miwili, hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu anafanyiwa wiki ijayo. Hizo picha nyingi hazitamletea saratani?

Jibu: Marahaba mwanangu, ila mimi si daktari. Mionzi yote ina hatari, na kwa picha chache za taya hatari hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na kupewa usingizi mara ya pili kurekebisha kosa. Una haki ya kuuliza wamepanga kupiga za nini. Mwenye sababu atakujibu bila kukasirika.

Swali: Kama picha ni muhimu hivyo, kwa nini tusiache kufunga meno kwa waya kabisa?

Jibu: Jino likikosea nusu milimita mgonjwa anahisi akitafuna ugali. Kwenye skrini yangu, nusu milimita karibu na chuma siioni. Meno ndiyo rula, picha ni shahidi.

Swali: Mtoto wa miaka 7, kaanguka mwembeni, kichwa cha taya kimevunjika upande mmoja. Mnampiga 3D thieta?

Jibu: Mara nyingi hata thieta hafiki. Mfupa wa mtoto bado unakua na hujirekebisha wenyewe, kwa hiyo madaktari wengi hawafungui; anapewa chakula laini na mazoezi ya kufungua mdomo mapema. Kumfunga meno kwa waya muda mrefu ndiko kunakotisha, kiungo kinaweza kuganda akashindwa kufungua mdomo. Mpelekeni kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya wiki hii hii, na mwende na filamu mliyonayo ili asipigwe nyingine bure.