Intaneti inayokatika-katika nyumbani: daftari kwanza, ruta mpya baadaye

Nafanya kazi ya kuandika hesabu za maduka, na ofisi yangu ni meza ya kona ya sebuleni, Tabata Segerea. Wateja wangu wengi wako Kariakoo. Wakishafunga maduka jioni, wananitumia picha za risiti na mauzo ya siku, nami naingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo mtandao ukikatika kati ya saa moja na saa nne usiku, kazi imelala, na kesho yake mteja anafungua duka bila kujua jana alipata au alikula hasara.

Mwaka jana nilikaa wiki sita na mtandao wa namna hiyo. Unakuja, unakwenda. Nilizima ruta na kuiwasha mpaka kidole kikazoea chenyewe. Nilipiga simu kwa watoa huduma wangu mara tatu, na mara zote tatu nikaambiwa upande wao uko salama. Nilishatenga hela ya ruta mpya. Kilichoniokoa ni daftari la shule lililobaki kwenye mkoba wa mwanangu, na ndicho kitu cha kwanza ninachokuomba ukitafute kabla hujagusa mpangilio wowote.

Kila mtandao ukikata, andika saa, umekata kwa muda gani, taa za ruta zinaonyesha nini, simu nayo imekosa mtandao au ni kompyuta peke yake, na nini kingine kinaendelea nyumbani na nje: mvua, joto, umeme kufifia. Mistari miwili inatosha. Haya ni ya kwangu, nayanakili kama yalivyo:

"Jumanne 1:12 usiku. Dakika tatu. Taa zote za ruta zilizima, zikawaka upya. Simu pia haina."

"Jumatano 1:40 usiku. Dakika tatu. Taa zote zilizima. Pasi haitumiki. Friji limenguruma."

"Alhamisi 8:20 mchana. Dakika tatu. Taa zote. Friji."

Angalia maneno "taa zote". Mtandao ukikata upande wa mtoa huduma, ruta haizimi. Taa ya umeme inabaki inawaka, na ile ya intaneti ndiyo inayozima au kugeuka nyekundu. Taa zote zikizima na kuwaka upya maana yake ruta yenyewe imekosa umeme na kuanza moja, na kuanza moja huchukua dakika mbili tatu. Ruta yangu ilikuwa kwenye ekstensheni moja na friji. Kompresa ya friji ikianza huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na kwetu jioni, watu wamerudi, wamewasha taa, feni na majiko, umeme unakuwa mdogo tangu hapo. Kile kishindo kidogo cha friji kiliiangusha ruta. Nilisimama jikoni na tochi ya simu, nikisubiri friji lianze. Likanguruma, taa ya sebuleni ikafifia kama mtu amepepesa jicho, na kule mezani taa za ruta zikazima.

Ruta niliihamishia kwenye soketi yake ya ukutani, ng'ambo ya chumba. Baadaye nikanunua ile betri ndogo ya ruta ya volti 12 inayouzwa madukani Kariakoo, kwa sababu umeme ukikatika kabisa, kompyuta ya mkononi inaendelea na chaji yake na ruta nayo inaendelea. Ukienda kuinunua, beba adapta ya ruta yako. Soma maandishi ya chini yake: volti lazima zilingane, na ampea za betri zisipungue za adapta. Ukikosea volti utaiunguza.

Kama daftari lako linasema taa hazizimi, basi tatizo liko kwingine, na hapa unahitaji kujua ni kipande gani cha njia kinachokatika. Mimi naigawa njia hivi: kutoka kompyuta hadi ruta, kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma hadi ulimwenguni. Kuna amri moja ya bure inayokuonyesha.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, gonga Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping -t ikifuatiwa na namba hiyo; amri hii huita anwani hiyo tena na tena na kukuonyesha kama inajibu. Fungua dirisha jeusi la pili, andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Yaache yote mawili yakiendelea ubavuni huku ukifanya kazi zako. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl na C. Wenye Mac hawahitaji kuandika -t. Amri inaendelea yenyewe.

Mtandao utakapokata, tazama. Dirisha la ruta likisimama pamoja na lile la Google, kipande kibovu ni kati ya kompyuta na ruta: wifi, waya au kompyuta yenyewe. Dirisha la ruta likiendelea kujibu vizuri huku la Google limekaa kimya, nyumbani kwako kuko salama. Tatizo linaanzia ruta kwenda nje. Na yote mawili yakijibu vizuri lakini kurasa hazifunguki, basi kompyuta imeshindwa kupata anwani za tovuti kutoka kwenye seva ya majina. Hilo ndilo jepesi kuliko yote: andika ipconfig /flushdns, na kwenye mipangilio ya mtandao weka seva ya majina 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

Tazama pia namba za milisekunde. Kwa waya, ruta inapaswa kujibu kwa milisekunde 1 au chini yake. Kwa wifi 2 hadi 10 ni kawaida. Ukiona 3, 4, 280, 5, 900, kuna kinachoisumbua wifi yako hewani.

Kabla ya kulaumu wifi, ijaribu kwa waya. Waya wa mtandao wa mita tano si ghali, na ni kipimo kisichodanganya: ukichomeka waya na kila kitu kikatulia, umeshajua ni wifi. Ila tazama na waya wenyewe. Kichwa chake cha plastiki kina vipande vinane vidogo vya shaba; kile kilimi cha plastiki kinachokishikilia kikivunjika kichwa kinalegea, na kinalegea zaidi kila ukisogeza kompyuta. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, hewa ya chumvi hula ile shaba mpaka ikawa na ukungu wa kijani. Na panya. Kwetu waya uliopita nyuma ya kabati ulikuwa umetafunwa ngozi yote urefu wa kiganja, nyuzi za ndani zimebaki wazi. Hilo lilikuwa tatizo jingine, la miezi kabla ya friji, na nililijua kwa kuuvuta waya wote mkononi, sentimita kwa sentimita.

Wifi sasa. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, madirisha yana nondo, juu bati, na ndani kuna kabati la kioo. Mawimbi ya wifi yanapita kwenye mbao na pazia bila shida, lakini saruji huyapunguza, na chuma na kioo cha kujitazamia huyarudisha. Ruta iliyowekwa sakafuni nyuma ya televisheni imefungiwa. Ipandishe juu ya kabati, katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana, mbali na friji na tangi la maji. Ruta nyingi zinatoa wifi mbili: ya gigahezi 2.4, inayofika mbali na kupenya kuta, na ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini inachoka haraka. Meza yako ikiwa chumba kimoja na ruta, tumia ya 5. Kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, ambako simu yako inaona majina kumi na tano ya wifi za majirani, ile ya 2.4 imejaa watu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kuandika namba yake kwenye kivinjari, tafuta mpangilio wa chaneli, na uchague 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Ukiwa humo badilisha na nywila ya wifi. Nilipobadilisha yangu, simu mbili nisizozijua zilipotea kwenye orodha.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu wana jambo moja la ziada, na ni kubwa: kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma ni hewani, na bati na nondo zinazuia. Kwenye ukurasa wa ruta hiyo kuna namba ya nguvu ya mawimbi, huandikwa RSRP, nayo ina alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. -85 ni nzuri, -115 ni dhaifu. Chukua ruta na ekstensheni, zunguka nayo dirisha kwa dirisha, subiri dakika mbili kila mahali, andika namba kwenye daftari. Ihamishie chumba chenye namba bora, hata kama ni chumba cha watoto. Halafu pima kasi saa kumi na moja alfajiri, kisha saa tatu usiku. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku ikashuka sana, mnara umeelemewa na watu wa mtaa mzima, na ruta mpya haitakusaidia. Hakikisha pia bando halijaisha; vifurushi vingine vya mwezi havikati, vinapunguza kasi tu ukishavuka kiwango.

Upande wa kompyuta sina mengi. Windows hupakua masasisho kimyakimya na kumaliza mtandao wote. Kwenye mipangilio ya wifi hiyo, iambie kwamba ni ya kulipia kwa kiasi (metered connection), na itapunguza. Kama wifi hupotea kila ukiacha kompyuta kwa muda, fungua Device Manager, nenda kwenye kadi ya wifi, sehemu ya umeme, ondoa alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa chaji. Zima VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine, wakati wa kupima.

Mkongo ukiingia ndani, ule waya mwembamba ni kioo. Usiukunje kona kali, usiubane na mguu wa kochi, usiuchomoe kusafisha kwa mdomo, na usichungulie ncha yake. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwako. Hapo piga simu, huna cha kufanya.

Na kuna siku tatizo si lako wala la mtoa huduma wako. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu pamoja, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikayumba, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo muulize jirani wa mtandao mwingine kwanza. Naye akiwa na shida hiyo hiyo, iache ruta yako ipumzike.

Daftari likikuonyesha kwamba tatizo liko nje, piga simu ukiwa nalo mkononi. Usiseme "mtandao unasumbua". Sema: "Tangu tarehe fulani umekata mara tisa, nyakati hizi, ruta haizimi, nikipima ruta inajibu kwa milisekunde moja na 8.8.8.8 haijibu, nimejaribu kwa waya." Omba namba ya malalamiko, iandike pamoja na saa. Wasipokusikiliza baada ya muda wa haki, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, wanapokea malalamiko ya watumiaji. Ofisi zao ziko Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, na watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma.

Jirani yangu, bibi mmoja anayeishi na mjukuu anayesoma chuo, alikuwa anakatikiwa masika yote. Tulimfungulia daftari lake. Baada ya siku nane ilionekana wazi: kila siku ya mvua mtandao hukata kama nusu saa baada ya mvua kuanza, na hurudi kesho yake jua likishawaka. Kijana fundi alikuja na ngazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usihangaike na humu ndani. Soma hapa kwanza."

Akasoma amesimama mlangoni, akafunua ukurasa wa pili, kisha hakuingia ndani kabisa. Aliegemeza ngazi kwenye nguzo, akapanda, akafungua kile kiboksi cheusi cha viungo kilicho juu, na maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.