SOMO: Kufungua na kusafisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki naulizwa lile lile: "Gari halina nguvu, ni kabureta?" Naandika mara moja, sirudii.

Kwanza hakikisha ni kabureta kweli. Angalia plagi, pointi (swichi ndogo ya umeme wa cheche ndani ya distribyuta), filta ya hewa na ya mafuta. Plagi yenye masizi meusi makavu, petroli inazidi. Ikiwa nyeupe, hewa inazidi. Gari likianza kukatakata mara tu baada ya kukaza gasketi ya kitako (ile chini ya kabureta), huenda linavuta hewa hapo, na kabureta yenyewe haina kosa.

1. Chomoa hasi ya betri. Sigara weka mbali.
2. Piga picha kila mpira na kila springi.
3. Toa kabureta, ziba mdomo wa manifoldi (bomba la kuingiza mchanganyiko kwenye injini) kwa kitambaa safi.
4. Fungua kava. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara yangu ya kwanza nilipindua kabureta ili nimwage petroli iliyobaki kwenye bakuli. Nikasikia "ti" sakafuni, sikujali. Kilikuwa kigololi cha pampu ya eksileta (inayorusha petroli ukikanyaga mafuta), kidogo kama punje ya mtama. Nikafunga, gari likawaka, sailensa (injini kunguruma bila kukanyaga mafuta) safi kabisa. Nikikanyaga mafuta, linashtuka na kutaka kuzima. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili, siku tatu nzima. Kigololi nilikuja kukikuta nafagia. Kwa hiyo PINDUA JUU YA SINIA, na uhesabu vilivyodondoka. Kabureta nyingine zina viwili vya ukubwa tofauti. Ukivichanganya nafasi umeanza upya.
5. Floti (boya linaloelea kwenye bakuli la petroli) itikise sikioni. Ukisikia petroli ndani, imetoboka.
6. Sindano ya floti (inayofunga petroli bakuli likijaa) ikiwa na alama ya pete kwenye ncha, badilisha.
7. Jeti (skrubu ya shaba yenye tundu dogo la kupimia petroli): andika namba na mahali ilipotoka, kisha puliza kwa dawa ya kusafishia kabureta na hewa. Vaa miwani. Usichokonoe kwa waya wa chuma.
8. Skrubu ya mchanganyiko: kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, ili uirudishe pale pale. Ukilazimisha, ncha inaharibika.
9. Mipira na diafram usiloweke kwenye dawa, vinavimba.
10. Gasketi mpya, kimo cha floti kwa rula kulingana na kipimo cha kabureta yako, funga.

MASWALI

– Gari yangu haiwaki, msaada tafadhali.
– Plagi umeangalia?
– Bado, ila fundi kasema kabureta.
– Basi muulize fundi.

– Mkuu nilizibua jeti kwa spoku ya baiskeli, imezibuka vizuri tu. Sasa inakula mafuta na moshi mweusi.
– Namba 7 inasemaje? Shaba ni laini, tundu umeshalipanua. Nunua jeti yenye namba ile ile. Uliiandika?
– Hapana.
– Haya.

– Samahani, hicho kigololi kazi yake hasa ni nini? Mbona sailensa ilikuwa safi?
– Swali zuri sana. Sailensa ina njia yake, haipiti kwenye pampu. Ukikanyaga ghafla, hewa inaingia papo hapo lakini petroli ni nzito, inachelewa. Pampu inarusha petroli kidogo kufidia. Kigololi kinaziba njia pampu inaporudi. Kisipokuwepo inavuta hewa badala ya petroli, na ukikanyaga tena inasukuma hewa kwanza. Kupima: injini ikiwa IMEZIMWA, toa filta ya hewa, chungulia kooni, vuta waya wa eksileta. Petroli iruke saa hiyo hiyo.
– Nimepima, inachelewa kidogo.
– Basi angalia na kikombe cha pampu, kile cha ngozi au mpira. Kikikauka kinasinyaa.

– Mimi vipande napanga kwenye trei ya mayai, kila shimo hatua moja.
– Wazo zuri, ila ya karatasi inanyonya petroli. Tafuta ya bati.

– Gari likikaa miezi je?
– Kata mafuta, liache liwake mpaka lizime lenyewe. Petroli ikikaukia kwenye bakuli inaacha gundi, na jeti ya sailensa ndiyo huziba kwanza.
– Hata jenereta?
– Hata jenereta. Funga koki, iache izime.