Ukitaka kuogelea Shangani, tizama mwezi kwanza

Wageni wengi wakifika Mji Mkongwe wanashuka pwani ya Shangani saa yoyote tu, wakikuta maji yametoka na boti zimelala ubavu mchangani wanasema pwani ya mjini haina maana, jamani si kweli, maji yana saa zake.

Fanya hivi. Uliza mwezi leo siku ya ngapi. Ukiwa mwandamo au kumi na tano, hapo ni bamvua, yaani maji yanapanda sana na kutoka sana, Unguja maji yanajaa kwenye saa kumi jioni na yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, basi siku hizo nenda alasiri. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50, kwaio baada ya wiki moja mambo yamegeuka, asubuhi ndo yamejaa ila ni maji mafu, hayapandi sana wala hayatoki sana, kwa mtu anaejifunza kuogelea mi naona ndo bora.

Bamvua ina raha yake lakini. Maji yakijaa vijana wa Forodhani, ile bustani ya ufukweni mwa mji, wanaruka ukutani, wengine kichwa chini, usiwaige kama hujui kina. Yakianza kushuka mchanga unatanuka, magoli yanawekwa, mpira mpaka magharibi. Wewe jitose, halafu geuka utizame mji kutoka majini, mana ulijengwa kutizamwa na wanaokuja na vyombo. Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la 1883, utaiona pale mbele ya Forodhani, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, inauma kwa kweli.

Angalia kamba za nanga, zinajificha chini ya maji na zinakwaruza vibaya. Mvua kubwa ikipiga, hasa masika, usiingie siku hiyo wala kesho yake, maji ya mitaro ya mji yanaishia hapo hapo baharini. Upande wa bandarini usiogelee kabisa, boti zinapita mbio.

Ukitoka, jifunge kanga au kikoi na ufunike mabega kabla hujaingia vichochoroni, kule ni majumbani kwa watu. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.

Baada ya magharibi meza za Forodhani zinawaka taa. Urojo kula bila wasiwasi, ila mishkaki ya pweza na kamba uliza bei kwanza, na umwambie muuzaji aipashe moto sawasawa mbele yako, miwa nayo ikamuliwe na ndimu na tangawizi.