Toboa kopo kwanza, maji baadaye: kumlea tarantula wa mtini

Kila masika naletewa makopo. Kijana anaingia ofisini, anaweka mezani kopo la plastiki, ndani kitoto cha tarantula, buibui mkubwa mwenye manyoya, kimekunja miguu yote minane chini ya tumbo. Swali ni lilelile: "Mtaalamu, nimempulizia maji kila siku, mbona amekufa?" Amekufa kwa sababu ulimpulizia kila siku, kisha ukafunga mfuniko.

Kopo la mwisho lilitoka Majengo hapa Moshi. Nililiinua dirishani. Matone ya maji yalikuwa yamejipanga ukutani kama jasho la sufuria ya wali, mguu wa nyenje aliyeliwa nusu ulikuwa umeota kuvu nyeupe, na buibui alikuwa amejibana juu kabisa, karibu na matundu matatu yaliyotobolewa mfunikoni. Alikuwa akitafuta hewa. Mwenye kopo alidhani buibui ana kiu, akaongeza maji.

Ninaowazungumzia hapa ni wale wanaoishi juu ya miti: Avicularia avicularia wa Amerika Kusini, mweusi mwenye ncha za miguu za rangi ya waridi, na Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique, anayezaliwa buluu na kukua na tumbo jekundu. Kwao ni juu, kwenye majani na magome, ambako mvua inanyesha kweli lakini upepo unapita na kukausha. Ninyi mmechukua mvua mkaacha upepo. Hewa iliyofungiwa na maji inaotesha kuvu kwenye mabaki ya chakula, kwenye udongo na hata kwenye utando anamolala. Aliyewahi kulea vifaranga ananielewa: ukiziba banda lote kwa nailoni ili wapate joto, asubuhi unaokota mizoga.

Sasa chukueni rula. Kitoto chenye upana wa miguu wa sentimita 1.5 hadi 2 kinatosha kopo la sentimita 5 kwa upana na 10 kwa urefu, lisimame wima. Pasha pini moto, toboa matundu ya milimita 1, kumi na tano upande mmoja na kumi na tano upande unaotazamana nao. Upande wa kwanza yapange chini, sentimita 1 juu ya udongo. Upande wa pili yapange juu, sentimita 1 chini ya mfuniko. Hewa iingie huku, itokee kule. Matundu ya mfunikoni peke yake hayatoshi, nimeshalisema hili mpaka nimechoka. Tundu lisizidi upana wa kichwa chake, maana kichwa kikipita, mwili wote unapita.

Udongo uwe makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 2. Simamisha kipande cha gome kavu kwa mshazari. Maranda ya msonobari usiyaweke, yana utomvu.

Maji yapimwe kwa sirinji ya mililita 1. Nusu mililita, mara moja kila siku ya tano, jioni, ukutani karibu na utando. Usimmwagie mwilini. Kesho yake asubuhi tazama: ukuta uwe mkavu. Ukikuta matone bado yapo, ongeza matundu na uruke zamu inayofuata. Maelekezo mengi ya kupulizia kila siku yameandikwa kwa nyumba za Ulaya, ambako kipindi cha baridi nyumba hupashwa joto na hewa inakauka. Arusha mwezi wa Aprili nguo inashinda kambani haikauki, wewe unapulizia nini? Machi hadi Mei nusu mililita kwa siku kumi inatosha. Na Juni na Julai, baridi ikikaza, nawakuta watu wa Arusha wameziba matundu kwa selotepu. Bandueni. Sogezeni kopo mbali na dirisha, rafu ya juu, chumba chenye nyuzi 21 hadi 27, matundu yabaki wazi.

Akifikisha sentimita 4 mpe nyumba ya 10 kwa 10 kwa 18, akifikisha 8 mpe ya 20 kwa 20 kwa 30. Hapo acha kulowesha kuta. Gundisha kizibo cha soda kwenye gome katikati ya urefu, ubadilishe maji mara mbili kwa wiki. Matundu ya pande mbili ni yaleyale, ila makubwa zaidi.

Mdudu wa kumlisha asizidi tumbo lake: mdogo kila siku ya tano, mkubwa kila wiki mbili, na mabaki yatoke ndani ya saa 24. Panzi wa shamba la nyanya lililopigwa dawa ni sumu. Dawa ya mbu ya kupuliza chumbani kwake nayo ni sumu; hili halina mjadala.

Akigoma kula na kujifungia ndani ya utando, anajiandaa kujivua ngozi. Toa nyenje, usimguse, usimhamishe. Akishajivua, mdogo asubiri siku 7 na mkubwa 14, mpaka meno yageuke meusi, ndipo ale. Kabla ya hapo mwili ni laini na nyenje ndiye atakayemla yeye.

Aliye salama anafuma utando mzito juu na kutulia humo mchana. Ukimkuta mchana amejibana kwenye matundu, fungua mfuniko saa hiyohiyo, toa udongo wote uliolowa, weka mkavu, na usitie tone mpaka siku tano zipite.