Namna ya kudai saa za ziada ofisini, na kazi ndogondogo zinazowaangukia wanawake

Tafuta daftari lako la mkobani. Usitumie kompyuta ya ofisi, maana siku akaunti ikifungwa ushahidi nao umekwenda. Kila siku andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko ya chakula (hayo hayahesabiwi) na nani alikuagiza ubaki. Hili la mwisho husahaulika sana, na ndilo mwajiri atakalokubana nalo: "Nani alikwambia ubaki?" Ujumbe wa WhatsApp wa saa 3 usiku, "naomba ripoti leoleo," usiufute.

Kazi za pembeni zipe ukurasa wake: kuandika muhtasari wa kikao, chai ya wageni, kukusanya rambirambi, keki ya kumuaga mtu. Andika dakika na jina la aliyefanya. Zikipita wiki nne, jumlisha. Ukikuta wanawake wawili wamebeba karibu zote, mpelekee bosi ratiba ya zamu kwa mpangilio wa herufi za majina, wanaume wakiwemo. Akisema "tutafute wa kujitolea," kataa kwa adabu, watajitolea walewale.

Sasa hesabu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ziada ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne. Gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45. Mwenye 975,000 anapata takriban 5,000 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 7,500. Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili. Usiingize posho humo, la sivyo watu wa rasilimali watu watakurudishia karatasi nzima kwa kosa hilo moja.

Kanuni hizi za saa hazimgusi anayesimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Cheo cha "meneja" kwenye kitambulisho tu hakitoshi. Angalia kazi yenyewe.

Anayenyonyesha ana hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Si za kufidia jioni.

Dai lako liwe la maandishi, lipokelewe kwa mhuri na tarehe. Likikataliwa, jaza fomu ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60; wanaopinga kuachishwa kazi wana 30 tu.