Umeambiwa una sukari ughaibuni? Ulizia na kipimo cha si-peptaidi

Ndugu zangu mlioko Uingereza, Marekani na kwingineko, kama wewe au mtu wako kaambiwa ana sukari ukubwani, msiridhike na kile kipimo cha kutoboa kidole tu. Hicho kinakwambia sukari iko ngapi, hakikwambii kongosho bado linafanya kazi au limechoka, na hapo ndo matibabu yanapoachana.

Kongosho likitengeneza insulini, ile homoni ya kushusha sukari, linaachia na kipande kingine kwa kiasi kilekile, si-peptaidi, kwenye fomu utaona C-peptide. Uzuri wake insulini ya sindano haina hicho kipande, kwa hiyo hata kama unajichoma kila siku majibu yanaonyesha ya mwili wako tu, wakati ukipima insulini yenyewe ya kwako na ya sindano zinaweza kuchanganyika. Mtu mwembamba, kilo zinapungua, anakojoa usiku kucha, vidonge havishiki, halafu anaambiwa ni aina ya 2, ile ambayo insulini ipo ila haifanyi kazi vizuri, kisa kavuka miaka 30, huyo aombe hiki kipimo pamoja na cha kingamwili za GAD, yaani askari wa mwili wanaoonyesha kinga imeligeukia kongosho, manake aina ya 1, ile kongosho linaishiwa insulini, inaanza ukubwani pia. Akianza kutapika na kuhema haraka asisubiri miadi, aende emajensi saa hiyohiyo.

Siku ya kutoa damu hakikisha na sukari inapimwa palepale. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L kongosho linapunguza kazi lenyewe, si-peptaidi inatoka ndogo na utadhaniwa umeishiwa insulini kumbe wapi. Uliza mapema kama unatakiwa ufunge, na usiruke sindano yako bila kuelekezwa. Halafu dada zangu, vile vidonge vya nywele na kucha vina biotini, vinavuruga mashine nyingi za maabara, vitaje na uulize uviache siku ngapi.

Kiingereza kikikupiga chenga, kwa walioko Uingereza NHS, huduma ya afya ya serikali, wanatoa mkalimani bure, omba unapochukua miadi, usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Majibu ukimtumia daktari wa Dar au Mombasa, piga picha karatasi nzima na vipimio vyake vionekane. Marekani sukari wanaandika mg/dL, ukigawanya kwa 18 unapata mmol/L ya Uingereza, yaani 126 ni 7. Si-peptaidi ya 1 ng/mL ni kama 331 pmol/L, na ikiwa chini ya 200 pmol/L huku sukari haikuwa chini, basi insulini ya mwili imebaki kidogo sana, hapo sindano si ya kujadili.

Mengine mawili mwambieni daktari hata asipouliza. Kama una sikoseli au umebeba tu kinasaba chake bila kuugua, maana kwetu ni wengi, kile kipimo cha HbA1c, cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kinaweza kudanganya. Na kama figo zina shida, si-peptaidi inapanda kuliko ukweli kwa sababu figo ndizo zinaiondoa mwilini.